Chozi la Jicho Moja

Mkono Pamba alikuwa akijisifu kwamba mwanamume wa kumtoa chozi hajazaliwa, na kama amezaliwa basi bado anatambaa. Alilisema hilo asubuhi akifunga nywele, akalisema mchana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na jioni, akikosa wa kumwambia, aliliambia birika la chai.

"Mimi hata ukinimenyea vitunguu gunia zima, silii," alisema. "Wanaume ndio wanaolia kwangu. Tena wanapanga foleni, pasipoti mkononi."

Hilo la foleni lilikuwa kweli tupu, maana kazi yake ilikuwa kuwachokonoa watu pua.

Zilikuwa zile siku za ugonjwa, ambapo mtu hapandi ndege kwenda nchi ya watu bila cheti kinachosema hana kitu. Na cheti chenyewe kiwe kibichi, maana kikilala sana kinachacha kama maziwa. Kwa hiyo kila mwenye safari alipitia kwanza kwenye kituo chao cha kupima, jengo ambalo zamani lilikuwa duka la makochi na hata sasa, ukivuta pumzi bila barakoa, linanukia vanishi. Mbele ya jengo palisimamishwa vibanda viwili vya kioo. Mpimaji anakaa ndani, anayepimwa anakaa nje kwenye stuli. Kioo kina matundu mawili, na kila tundu limefungwa glavu nene ya mpira inayofika begani. Mpimaji anaingiza mikono humo kama anayevaa shati la mtu mwingine, na huko nje mikono yake inageuka minene, myeusi, ya mgeni.

Sauti nayo ilikuwa na mambo yake. Maneno ya nje yalimfikia mpimaji kupitia spika ndogo iliyoning'inia juu ya kichwa chake. Maneno yake yeye kufika nje ndiko kulikokuwa na kazi. Kwa kuwa mikono yote miwili imo kwenye glavu, kitufe cha kusemea kiliwekwa chini ya meza, unakibonyeza kwa goti. Goti likiwa juu ya kitufe, foleni nzima inakusikia. Ukiliondoa, unakuwa samaki ndani ya chupa. Unaweza kumtukana mtu mpaka nyanya yake na bado akakushukuru.

Mwenzake wa kibanda cha kwanza, mama wa makamo mwenye haraka, wasafiri walimbandika jina la Msumari. Huyu wa kibanda cha pili wakamwita Mkono Pamba, na lile jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho. Hakuwa anaumiza. Alikuwa akikushika kidevu kwa mkono wa kushoto, akikusimulia upuuzi wowote, na kabla hujacheka kijiti kimeshafika kule nyuma pua inakopakana na koo, kimezungushwa, kimetoka. Kinachofuata ni chozi. Wote linawatoka, hata wanajeshi. Ndipo alipotunga msemo wake, ambao sasa hata mpanga foleni aliukariri:

"Usiogope, chozi la jicho moja ni la kijiti. Likitoka la macho mawili, hilo ni la nyumbani, na hapa hatulipimi."

Watu walicheka, wakaondoka na jicho lao moja likimeremeta. Yeye akabaki.

Na kubaki ndiko alikokuwa bingwa. Tangu ugonjwa uingie alikuwa amepanga chumba peke yake, baada ya dada yake mkubwa, kwa upole mwingi na macho yakitazama sakafu, kumwambia kwamba ana watoto wadogo, na yeye kazi yake ndiyo hiyo ya pua za watu, si ataelewa? Alielewa. Majirani wa kule alikohamia nao hawakuwa wabaya, ila akianika nguo zake kwenye kamba, za wenzake zilianuliwa hata kama zinachuruzika maji. Hilo nalo alilielewa. Mtu akielewa kila kitu, jamani, mwishowe anaelewa hadi anakosa wa kula naye. Usiku aliweka simu mbele ya sahani, akaisimamisha kwa kikombe, akatazama watu wengine wakila.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hawakuziona siku zile. Watu walijifunza kuficha hata kikohozi, sembuse mapenzi.

Sasa, kulikuwa na Fundi.

Fundi alikuwa fundi wa majokofu. Aliingia kituoni mwanzoni kabisa, kutengeneza jokofu la kuhifadhia sampuli ambalo lilikuwa likitetemeka kama lina homa. Akalipoza, akaondoka. Wiki iliyofuata likaharibika tena, akaitwa. Nyingine tena. Kila akija alikuwa anapiga magoti nyuma ya jokofu na kumwuliza Mkono Pamba mambo yasiyohusu jokofu hata kidogo. Anapenda chai yenye sukari au anajifanya? Akiwa nyumbani anacheka na nani? Siku alipokiri kwake kwamba kuna skurubu moja alikuwa akiiacha imelegea makusudi ili aitwe tena, Mkono Pamba alitaka kumshtaki kwa mkuu wa kituo. Badala yake alicheka mpaka barakoa ikateleza.

Kati yao kukawa na jambo. Hawakulitangaza, lakini lilikuwa na kila kitu ambacho jambo huwa nacho: salamu ya asubuhi, ugomvi wa kijinga, kofia yake iliyosahaulika kwenye kiti cha mwenzake. Likafika mahali pa kwenda kwa mama.

Mama yake Fundi alikuwa mjane mwenye pumu na mwana mmoja. Alimpokea mgeni uani, akamwekea kiti mbali, huko karibu na lango, yeye mwenyewe akabaki mlangoni na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Aliuliza kazi. Akaambiwa. Hakutoa neno baya hata moja, na afadhali angetoa. Mkono Pamba alipoaga na kugeuka barabarani, alimwona yule mama akija na ndoo, akikimwagia kile kiti dawa, maji yakifuata miguu ya kiti hadi mtaroni. Fundi alisimama katikati ya ua, mikono imemning'inia, anamtazama huyu, anamtazama yule.

Usiku ule Mkono Pamba alielewa tena, ndiyo kazi yake. Mama ana kifua kibovu na mwana ana mama mmoja. Kesho yake Fundi alipokuja na maneno yake matamu, kwamba wavumilie, kwamba mama atazoea, alimkatisha. Alimwambia asijisumbue. Alimwambia kwamba watu walifungiwa ndani, mtu akifungiwa ndani anatafuta cha kupitishia muda, na yeye alikuwa wa kupitishia muda. Alilisema akitabasamu, na barakoa ikamsaidia, maana tabasamu lenyewe lilikuwa limepinda.

Fundi akaondoka. Jokofu halikuharibika tena. Lilinguruma pale kwenye kona siku nzima, zima kabisa, na uzima wake ulimkera Mkono Pamba kuliko ugonjwa wa mjini. Siku moja aliipapasa ile skurubu kwa kidole. Ilikuwa imekazwa.

Asubuhi ya leo foleni ilikuwa ndefu, watu wamesimama kila mmoja kwenye duara lake la rangi sakafuni kama vikombe juu ya visahani. Mpanga foleni alimleta kwenye stuli mama mmoja mwenye barakoa mbili.

Mkono Pamba alimtambua kabla hajakaa.

Yule mama hakumtambua. Angemtambuaje? Ndani ya kioo kulikuwa na kofia ya plastiki, miwani mikubwa ya kinga na barakoa, na sauti ya kipaza ilitoka kama ya kuku aliyefunikwa debe. Mama alieleza, bila kuulizwa, kwamba yeye hasafiri. Anayesafiri ni mwanawe, kesho kutwa, amepata mkataba nchi ya mbali kutunza vyumba vya baridi vya kuwekea dawa, miaka miwili. Ila siku hizi hata msindikizaji haingii kwenye jengo la uwanja wa ndege bila cheti, na yeye hawezi kumuaga mwanawe getini kama mzigo. Alisema anaogopa. Alisema hajawahi kutoka nyumbani tangu mwaka jana ila leo.

Goti likagusa kitufe. "Tulia, mama. Tazama juu ya kichwa changu, kuna mjusi ananidharau siku nzima."

Hakukuwa na mjusi. Mama alitazama, na kijiti kikaingia na kutoka. Mkono wa kushoto, mnene, wa mpira, ulibaki kwenye kidevu cha mama kitambo kidogo zaidi ya desturi. Jicho la kulia la mama likajaa, likamwagika. Akashtuka, akashika jicho la kushoto, kavu, akashika tena la kulia.

"Mbona moja tu?" aliuliza. "Nimepofuka?"

"Tundu la kulia, jicho la kulia. Wanalala chumba kimoja hao," alisema Mkono Pamba. "Chozi la jicho moja ni la kijiti, mama. Likitoka la macho mawili, hilo ni la nyumbani, na hapa hatulipimi."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau namna yake. Akasema Mungu ambariki binti mwenye mkono huu. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, akachagua pembe, mbali na kila mtu, barakoa zake mbili zimerudi mahali pake.

Mkono Pamba hakuinua macho kutazama foleni. Alimwita anayefuata. Akaja kijana wa kusoma nje, jicho moja, akaenda. Akaja baba mwenye koti, jicho moja. Lakini sikio halina barakoa. Kupitia ile spika ndogo alisikia sauti moja huko nyuma ikimwambia mtu, "Pita wewe, shangazi, mimi sina haraka." Baadaye kidogo, "Kaka, tangulia." Halafu Msumari kwenye kibanda cha kwanza akapaza sauti kwamba yuko wazi, na ile sauti ikajibu kwa adabu zote kwamba inashukuru, itangoja hapa hapa.

Kisha stuli ikasogezwa, na Fundi akaketi.

Alikuwa amekonda. Amenyoa ndevu, shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alivua barakoa yake ikabaki kidevuni, na uso wote ukawa pale, wa kutazamwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kupitishia muda. Mkono Pamba akaingiza mikono kwenye glavu. Zilikuwa bado na joto la mikono yake mwenyewe.

"Habari ya kazi, Pamba?" akasema Fundi.

Goti. "Nzuri. Inua kidevu."

"Ulijua ni mimi?"

"Pua naijua."

Fundi akatabasamu, tabasamu likaisha lenyewe. Alitazama glavu mbili nyeusi zilizokuja kumshika, kama mtu anayeangalia mikono ya maiti. Akaanza kuongea taratibu, macho yake kwenye miwani ya kinga, akijua kwamba humo ndani mna macho na hawezi kuyaona sawasawa kwa mng'ao wa taa. Alisema hakuomba ule mkataba. Ulikuja, na akaona heri awe mpweke mahali ambapo kila mtu ni mgeni, kuliko kuwa mpweke kwenye mtaa ambao anajua mtu fulani anapita saa ngapi. Alisema mama ameshakubali kukaa na binamu yake. Mzigo ameshaufunga. Limebaki jambo moja tu.

"Niulize mara moja, halafu nitanyamaza," alisema. "Yale maneno ya siku ile. Ya kupitishia muda. Yalikuwa kweli?"

Nyuma yake foleni ilikohoa, ikajutia kukohoa, ikanyamaza.

Goti likagusa kitufe. "Fundi, watu wanangoja."

"Nijibu, niende nikijua. Ukisema yalikuwa uongo, sipandi ndege mimi. Namrudishia yule bwana wa mkataba karatasi zake leo."

Juu ya bega lake, kule pembeni mwa benchi, Mkono Pamba aliziona barakoa mbili nyeupe na macho mawili ya kizee yanayomtazama mwana kwa mgongo. Akaona kiti kinamwagiwa dawa. Akamwona mtu amesimama katikati ya ua, mikono imemning'inia, kwa maisha yake yote yaliyobaki.

"Nilishakujibu siku ile," alisema, na kipaza sauti kikalitoa neno hilo nje vizuri, bila hata mkwaruzo. Siku nyingine huwa kinakwaruza.

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayeambiwa jokofu haliponi, linunuliwe jingine. Ndipo akainama kuelekea kioo, akasema kwa sauti ya chini, nusu mzaha. "Basi nisaidie na hili. Kosea kidogo. Kigusishe hapo mlangoni tu, kisifike. Majibu yakirudi hayasomeki, ndege itaniacha, na lawama itakuwa ya kijiti. Si yako, si ya mama, si yangu."

Na hapa ndipo shetani alipovuta stuli akaketi. Maana ilikuwa kweli. Kijiti kikiishia mlangoni mwa pua, maabara wanaandika kwamba sampuli haikutosha. Mtu anarudi, anapimwa upya, ndege imeshaondoka. Ingekuwa rahisi kama kuacha skurubu moja imelegea. Nani angejua? Huyu mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Mkono Pamba alikishika kijiti. Mkono uliosifiwa na wasafiri wa mabara yote ulikikaza ndani ya mpira mnene.

Aliliondoa goti kwenye kitufe.

"Yalikuwa uongo," alisema. Ndani ya kile kibanda sauti yake ilimrudia mwenyewe, karibu mno. "Yalikuwa uongo, wewe mjinga. Sina mtu mwingine wa kucheka naye. Jokofu lenu limepona na nimelichukia. Usiende. Kama ningeweza kukukosea ningekukosea leo, ubaki, lakini ukibaki utabaki katikati ya ule ua, na mimi siwezi kukuona umesimama pale kila siku. Usiende, Fundi. Nenda. Usiende."

Barakoa ilipanda, ikashuka. Nje palikuwa kimya. Fundi alikunja uso, akageuza sikio.

"Umesema nini?"

Goti likarudi. "Nimesema inua kidevu, tazama juu. Kuna mjusi."

Kijiti kikaingia. Hakikuishia mlangoni. Kilikwenda moja kwa moja, polepole, hadi kule nyuma kinapotakiwa kufika, kikazungushwa kama inavyofundishwa, kikangoja, kikatoka. Tangu amjue mwanamume yule hakuwahi kumtendea jambo kwa uaminifu kama lile. Alikivunja ndani ya chupa yake, akafunga kifuniko, akabandika jina, na jina lile hakulitazama.

Jicho la kulia la Fundi likajaa, likamwagika hadi kwenye pembe ya mdomo. Mkono Pamba alifungua kinywa kusema msemo wake. Ndipo akaliona la kushoto. Halikuwa limeguswa na mtu yeyote. Lilijaa taratibu, kwa aibu, kisha likateremka nalo.

Msemo akauacha.

"Majibu kesho asubuhi," alisema. "Safari njema."

"Haya," alisema Fundi. Alipandisha barakoa yake. Alisimama akauweka mkono wake juu ya ile glavu nyeusi iliyobaki wazi kwenye kimeza cha nje ya kioo, akaibonyeza mara moja. Akaenda kumwinamia mama yake, akamwambia kitu kuhusu kwenda kutoa nakala ya pasipoti pale ng'ambo, na kwamba amngoje upande wa nyuma kwenye kivuli. Akatoka.

Mpanga foleni akaleta anayefuata.

Sasa niwaambie jambo la miwani ya kinga. Imetengenezwa kisayansi kabisa. Kitu cha nje hakiingii. Lakini aliyeitengeneza hakuwaza kwamba kuna siku kitu kitatoka ndani. Haina mahali pa kumwagia. Na mpimaji, kwa sheria zote zilizobandikwa ukutani, haruhusiwi kugusa uso wake hata nzi akijenga nyumba humo. Kwa hiyo Mkono Pamba, ambaye mwanamume wa kumtoa chozi hajazaliwa, alikaa kwenye stuli yake akimpima mwanamke huyu, bwana yule, na ndani ya ile miwani maji yalikusanyika chini, yakapanda, hadi watu wa nje wakawa wanaonekana kama wanaongea kutoka chini ya kisima. Aliwashika wote videvu. Hakumuumiza hata mmoja. Mjusi tu ndiye hakutajwa tena.

Msumari alipokuja kumpokea zamu, alimtazama mara moja, akamwambia aende akapumzike, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na haraka.

Kuvua nako kuna utaratibu. Kwanza aproni, unaosha mikono, kofia, unaosha mikono, miwani, unaosha mikono, barakoa ya mwisho. Ukivua ovyo, umejipaka ulichokuwa unakikimbia. Alifuata yote. Alipoinamisha miwani kwenye sinki, maji yalimwagika mengi kama ya kikombe kilichosahaulika mezani. Alijiosha uso, akavaa barakoa safi, akajitazama kwenye kioo. Macho yalikuwa mekundu yote mawili. Akajiambia kwamba ni dawa ya sinki. Kioo hakikubisha, ila hakikukubali.

Alifungua mlango wa nyuma, akatoka kwenye kivuli kutafuta hewa.

Pale nje palikuwa na benchi refu. Lilibandikwa alama za utepe mwekundu, nafasi moja ya kukaa, moja imekatazwa kwa msalaba, moja ya kukaa, moja imekatazwa. Mwishoni kabisa mwa benchi alikuwa amekaa mama mwenye barakoa mbili.

Mkono Pamba alitaka kurudi ndani, lakini mlango ule ulifunguka kutoka ndani tu. Akasalimia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Yule mama alimtazama viatu, akapanda taratibu hadi machoni, akabaki hapo. "Ndiye wewe. Sasa nakuona. Ulikaa kwangu, karibu na lango."

"Ndiyo, mama."

"Na ndiye wewe wa kile kibanda. Wa mjusi."

"Ndiyo, mama."

Upepo ukacheza na ncha ya utepe mwekundu iliyobanduka. "Mbona macho yako hivyo?"

"Ah, ni kawaida," alisema Mkono Pamba, na akajaribu ile sauti yake ya foleni. "Na sisi wafanyakazi tunapimwa. Nimetoka kupimwa sasa hivi."

"Tundu lipi?"

"La kulia."

Mama aliinamisha kichwa kidogo kama anayesoma maandishi madogo. "Mbona na la kushoto?"

Mkono Pamba akaipandisha barakoa yake hadi karibu na macho.

"Mwanangu hajawahi kumpisha mtu kwenye foleni tangu nimzae," alisema mama. "Hata tumboni alitoka kabla ya siku zake. Leo kampisha shangazi wa watu, kampisha na yule wa koti. Nikasema hapa kuna kitu, nikatazama. Mimi macho ndiyo yaliyobaki mazima." Aliinuka, kifua kikipiga filimbi nyembamba, akasimama kidogo hadi filimbi ikatulia. Kisha akasogea kwenye benchi, nafasi moja, nyingine, akafika kwenye ule msalaba mwekundu ulio jirani na pale aliposimama Mkono Pamba. Akaufuta vumbi kwa kiganja, akaukalia. "Kaa."

Mkono Pamba akakaa. Mabega yao yaligusana. Alikuwa amesahau kwamba bega la mtu lina joto.

"Nilikuwa nikitazama kile kioo chako," alisema mama, bila kumgeukia. "Nikaona barakoa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, maneno mengi tu, na kipaza sauti kimya. Nikasema kimeharibika. Mara ukamwambia mwanangu ainue kidevu, kikasikika vizuri." Alimshika mkono, ule mwepesi, bila mpira, bila kioo, akauweka juu ya paja lake. "Kesho kutwa anapanda ndege. Sasa niambie mimi. Ulimwambia nini?"

Ng'ambo ya barabara Fundi alikuwa anatoka kwenye duka la nakala, karatasi mkononi, akiangalia kulia na kushoto apate kuvuka.

Mkono Pamba alifungua mdomo. Goti lake likainuka lenyewe kutafuta kitufe, na halikukuta chochote.